Baba Ameshuka Mkata

Mama, shikamoo. Tupo Mkata, mvua inanyesha, na nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Basi liliposimama, Baba alishuka na begi lake, akaagiza mihogo ya kukaanga, akasema hospitali haendi tena, anarudi Korogwe.

"Sindano za kuamsha kinga ya mwili nilichomwa, nikatetemeka kwa homa, na uvimbe wa figo ukabaki palepale," akaniambia. "Nimekata mkonge miaka yote ile, leo mwili wangu umekuwa mvivu. Mnanihangaikia nini?"

Kumbe alikuwa anaona haya, Mama! Nikamweleza kama daktari alivyonieleza: askari wa kinga waliamka, wamejaa pembezoni mwa uvimbe, ila mishipa ya damu ya humo imepindapinda na inavuja, hawapati pa kuingilia. Safari hii atapewa kwanza dawa ya kuinyoosha mishipa hiyo, ndipo achomwe tena sindano.

"Kwa hiyo askari wangu walikuwapo?" akauliza.

"Walikuwapo, Baba. Lakini daktari hakuahidi kupona. Dawa yenyewe ndiyo kwanza inajaribiwa."

Akamaliza mihogo yake, dereva akapiga honi. Kisha akanipa begi, akapanda mwenyewe. Nikapanda nyuma yake.

Abiria wengine bado wanapanda. Kadi hii nampa kupitia dirishani kondakta wa basi linaloelekea huko Korogwe. Baba anasema usiache kula. Mimi nasema utuombee sana, Mama.

Mwanao,
Zaina