Leo godoro halikuanikwa

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu kama mwehu. Binti yangu Mwende ameamka mkavu! Hata jirani ameshangaa: "Baba Mwende, mbona leo godoro halijatoka nje? Kwani mmehama?"

Nesi alituambia kukojoa kitandani si uvivu, tusimgombeze, tupunguze tu chai ya usiku. Nami nikaapa kuiacha, tuteseke pamoja.

Hofu yangu ilikuwa Kawangware. Kulala kwa shangazi yake huko alikuwa akikataa kabisa, kwa aibu. Leo amefunga mkoba mwenyewe.

"Na ikitokea huko, mama?" nikamuuliza.

"Si tutaanika tu? Nesi alisema si makosa yangu."

Mlangoni akageuka. "Na wewe, Baba, usinywe chai."

Chupa ya chai iko hapa mezani. Inaniangalia.