Huku Keringet Sote Tu Wazima

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, mjini Nakuru. Jumanne, tarehe 15 Januari 2008. Yameanza kuandikwa saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jina: Zeddy Chelimo
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwanafunzi, ninaingia Kidato cha Nne shule zikifunguliwa. Wakati wa likizo ni kibarua dukani.
Makazi: Bondeni, kwa shangazi yangu Cheptanui. Wazazi wangu wako Rongai.
Afisa anayeandika: Konstebo Owino

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Shangazi yangu amenisindikiza na ameketi nje. Nimekuja kwa sababu jana Madam Daksha, mwenye duka ninalofanyia kazi, alihojiwa hapa kuhusu barua pepe aliyotumiwa Bwana Mburu aliye Marekani. Madam alisema barua hiyo ni yake kwa kuwa duka ni lake. Aliyeiandika ni mimi. Mama yake Bwana Mburu, ambaye nyumba yake ilikuwa Keringet, hajulikani aliko tangu tarehe 6 Januari. Familia yake inasema barua hiyo ndiyo iliyomfanya asiondoke.

Mnamo tarehe 26 Novemba 2007, siku ya Jumatatu, saa mbili unusu asubuhi, nilianza kazi ya likizo kwa Madam Daksha. Duka liko karibu na Bondeni, na huuza unga, sukari, mafuta ya kupikia na blanketi. Mpwa wake anayeitwa Dharmesh, anayesoma Uingereza, alikuwa amemtengenezea tovuti ya Kapu la Nyumbani. Mtu aliye ng'ambo huchagua bidhaa na kulipa kwenye mtandao, kisha dereva wetu Kipkemoi huzipeleka kwa pikapu hadi mlangoni kwa wazazi wake. Watu 231 walikuwa wamejiandikisha kupokea barua pepe zetu kila wiki. Kazi yangu ilikuwa kuziandika.

Dharmesh alikuwa ametuma mwongozo wa kurasa tano. Ulisema mwandikie mtu mmoja, usiandikie umati. Jina lake litangulie. Kichwa cha barua kimfanye afungue kabla hajanywa chai. Mpe sababu moja ya kununua, usimpe kumi. Tuma siku ileile na saa ileile. Tulichagua Ijumaa saa tisa alasiri kwa sababu Marekani huwa asubuhi. Nilipigia mistari karibu kila sentensi.

Barua ya kwanza ilienda tarehe 30 Novemba. Kichwa chake kilikuwa "Bei Nafuu ya Unga Mwezi Huu." Kompyuta huonyesha ni wangapi wamefungua. Walikuwa 17. Kipkemoi aliangalia juu ya bega langu akasema, "Sasa mwandishi, hiyo hata bibi yangu hawezi kufungua, na yeye hufungua kila kitu."

Nilifikiri juu ya jambo hilo nyumbani. Nilikumbuka barua ya kirafiki jinsi tulivyofundishwa na Mwalimu Chepkurui. Kwanza humsalimu mtu, kisha humwambia hali ya nyumbani, kisha humuuliza hali yake, ndipo huingia kwenye jambo lenyewe. Aliwahi kunikata alama mbili kwa kuingia kwenye jambo mapema. Kwa hiyo barua ya tarehe 7 Desemba niliianza hivi: "Mpendwa ndugu, huku nyumbani sote tu wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali." Habari ya unga niliiweka mwishoni. Tena niliacha nafasi mbili ambazo kompyuta hujaza yenyewe kutoka kwenye orodha yetu. Ya kwanza ni jina la msomaji. Ya pili, badala ya neno nyumbani, ni mahali wazazi wake wanapoishi, mahali tunapopeleka mzigo. Aliye na wazazi Rongai alisoma Rongai, na mwenye wazazi Keringet alisoma Keringet.

Waliofungua walikuwa 148. Mtu mmoja alijibu akiuliza mimi ni binti ya nani, maana ninaandika kama shangazi yake, kisha akaagiza marobota mawili ya unga. Madam alicheka mpaka akavua miwani. Aliniambia nisibadilishe hata nukta.

Mnamo tarehe 19 Desemba, saa kumi jioni, Kipkemoi alirudi kutoka Keringet. Alikuwa amempelekea mzigo Mama Mburu, mwenye umri wa miaka 71, anayeishi peke yake na ng'ombe watatu. Kipkemoi alinieleza kwamba mama huyo husomewa barua zangu na mwanawe kwa simu kila wiki. Mama alikuwa ameuliza mimi ni wa boma gani pale Keringet, maana anataka kuja kuniona.

"Ukamwambiaje?" nilimuuliza.

"Nilimwambia wewe ni wa boma la kompyuta."

Tulicheka sote. Sijawahi kufika Keringet. Siku hiyo sikuona kwamba hilo lilikuwa jambo la kusema.

Mnamo tarehe 20 Desemba niliandika barua za Ijumaa zote nne za Januari, kwa kuwa duka lingefungwa kwa Krismasi nami nilikuwa naenda Rongai. Kompyuta ina mahali pa kuweka tarehe, na siku ikifika hutuma yenyewe. Barua ya tarehe 4 Januari ilikuwa na kichwa "Salamu za Mwaka Mpya Kutoka Nyumbani." Afisa ana nakala yake, na ninakubali kwamba ni yangu. Inasema: "Mpendwa ndugu Mburu, mwaka mpya umetukuta salama. Huku Keringet sote tu wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Usiku wa Januari huwa na baridi na mama anahitaji blanketi." Kisha inafuata bei ya blanketi.

Nilirudi Bondeni tarehe 28 Desemba. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa tarehe 30, tulikaa ndani. Hapakuwa na kadi za simu madukani. Mnamo Alhamisi tarehe 3 Januari, kama saa nane mchana, jirani alituambia kwamba upande wa Kuresoi, iliko Keringet, watu wanahama na nyumba zinachomwa. Nilikumbuka wakati huo kwamba kesho yake barua ingetoka. Ninataka hili liandikwe. Nilikumbuka, na nilifurahi kidogo. Nilifikiri walio mbali wameingiwa na hofu, na salamu zitawafariji. Sikufikiri juu ya neno Keringet, kwa sababu mimi sikuliandika. Mimi niliacha nafasi.

Duka lilifunguliwa Jumatatu tarehe 7 Januari, saa nne, mlango mmoja tu. Nilifungua kompyuta nikakuta majibu tisa. Jibu la Bwana Mburu lilikuwa la Ijumaa ileile, saa moja jioni. Nalo afisa analo. Aliandika: "Asanteni sana. Habari tunazosikia huku zinatisha, lakini nyinyi mko hapo hapo. Lori la majirani linaondoka kesho asubuhi, na mama alikuwa ameshafunga mzigo. Nimempigia nikamwambia atulie na ng'ombe wake."

Nilisoma mara tatu. Nilidhani kuna barua nyingine alisoma mahali pengine. Kisha nilimwita Madam nikamsomea, maana Kiswahili cha kuandikwa humpa taabu. Aliketi juu ya gunia la sukari. Aliniuliza ni nani alituambia Keringet ni salama. Nilimwambia hakuna. Akauliza, "Sasa kwa nini sisi nasema?" Barua hizo nilikuwa nimemsomea zote na alizipenda.

Alimwita Kipkemoi amwombe aende Keringet. Kipkemoi ni mtu wa mzaha, lakini hakufanya mzaha. Alisema, "Madam, kwa vizuizi vya hiyo barabara kuna mahali jina langu litanipitisha, na kuna mahali litaniua. Sijui gani inatangulia."

Saa tano unusu nilimwandikia Bwana Mburu kwamba barua ile iliandikwa mwezi wa Desemba, kwamba hatuna mtu Keringet, na kwamba mama aondoke mara moja. Alijibu baada ya dakika kama kumi. Alisema nyumba zimechomwa jana, Jumapili, na simu ya mama haiingii. Chini yake aliandika mstari mmoja: "Nani aliwaona wakiwa wazima?"

Nilikaa mbele ya mstari huo mpaka saa saba duka lilipofungwa. Nilichoweza ni kufuta barua tatu zilizokuwa zimebaki, zisitoke.

Afisa ameniuliza kama nilijua kwamba ninaandika uongo. Nimejaribu kujibu na sijui kama nimejibu vizuri. Sikujua kama ni kweli wala sikujua kama si kweli. Ulikuwa mwanzo wa barua. Kila mtu niliyewahi kumwandikia nilimwanzia hivyo, hata siku moja nikiwa na malaria, na hakuna aliyeniuliza. Lakini nyingine zote niliandikia watu wanaonijua. Nikipanga siku hizi zote kwa mstari ninachanganyikiwa ni ipi niliyokosea. Wakati mwingine naona ni tarehe 20 Desemba. Wakati mwingine naona ni tarehe 3 Januari, nilipofurahi.

Afisa ameniuliza kabila langu. Nimemjibu. Shemeji yake Bwana Mburu alikuja dukani jana asubuhi, kabla ya kuja hapa, akasema mbele ya wateja kwamba aliyeandika ni msichana wa upande wa waliochoma nyumba, na kwamba walijua wanachofanya, walitaka mama asitoke. Aliyasema hayo akilia. Hakuna mtu aliyenituma. Ningejua ninachofanya nisingefanya.

Mnamo Alhamisi tarehe 10 Januari nilimwomba Madam ruhusa ya kuandikia watu wote 231 barua moja zaidi. Aliniuliza tunauza nini ndani yake. Nilimwambia hakuna. Akasema, "Basi tuma. Leo, sio Ijumaa."

Niliituma saa tisa alasiri. Kichwa chake kilikuwa "Tunamtafuta mama mmoja." Haikuwa na salamu. Niliandika kwamba barua yetu ya tarehe 4 ilisema jambo ambalo hatukulijua, na kwamba asiyepata habari za kwao kwa mtu aliyeona kwa macho asitutegemee sisi. Kisha nilieleza kwamba Mama Mburu wa Keringet ana miaka 71, ni mrefu na ana pengo la meno ya mbele, kama alivyonieleza Kipkemoi. Niliomba kila mwenye ndugu aliye kwenye kambi au kanisa lolote amuulize. Nilikuwa nimemwandikia Bwana Mburu kwanza, na alikuwa amekubali.

Waliofungua ni 209. Hapo awali ningefurahia hesabu hiyo. Waliojibu ni 34. Wengi wao walikuwa wanatafuta watu wao pia, wakinitumia majina, na sikujua nifanye nini nayo. Nimeyaandika kwenye daftari na nimelileta hapa.

Jumapili jioni mwanamke mmoja aliye Uingereza aliandika kwamba kaka yake analinda mlango wa kanisa moja huko Elburgon ambako watu wamejihifadhi. Kaka yake huandika wanaoingia. Usiku wa tarehe 7 aliandika "Mama Mburu" bila jina lingine. Anasema ni mzee, amefika kwa miguu, na hasemi na mtu. Lakini anasema pia kwamba kanisani mna wanawake watatu wanaoitwa Mama Mburu, na hajui aliyemwandika usiku ule ni yupi kati yao.

Jana nilijaribu kumweleza shemeji jambo hili akaniambia nimekwisha kusema ya kutosha. Ndiyo sababu nimelileta kwa polisi. Nambari ya simu ya mlinzi huyo nimeiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Madam asilaumiwe kwa maneno ambayo hakuyaandika. Ninaomba atafutwe huyo mama kwanza, mengine yafuate.

Niliyoyaona nimeyasema, na nisiyoyajua nimesema siyajui. Maelezo nimesomewa, nami nimeyasoma mwenyewe, na ni yangu.

Sahihi: Z. Chelimo

Maandishi ya afisa: Maelezo yamekamilika saa sita na dakika tano mchana. Saa sita na robo nilimpigia mlinzi wa kanisa. Amethibitisha yaliyomo kwenye daftari lake, lakini alikuwa mbali na kanisa na hakuweza kumuuliza mama huyo jina lake. Nilimwita shemeji wa Bwana Mburu, nikamsomea sehemu ya mwisho ya maelezo haya. Saa saba na nusu ameondoka na gari la kituo linalopeleka chakula Elburgon. Nilimshauri shahidi amwandikie Bwana Mburu kwamba mama yake huenda amepatikana. Amekataa, akasema ataandika gari likirudi na mtu aliyemwona. Nilimwambia yeye na shangazi yake waende nyumbani kabla ya giza. Saa kumi na moja na dakika ishirini bado wako kwenye benchi la nje.

Konstebo Owino