Kadi za Wilfred

Keighley, 3 Machi 1974

Shemeji Clifford,

U hali gani, na goti linakusumbua bado? Mimi sijambo, ila nyumba imepooza tangu tumzike kaka yako. Kadi zake za kanuni za uandishi nimezituma kwa posta kama ulivyoomba. Miaka thelathini ya kusahihisha gazeti imo humo: lini cheo cha mtu kianze kwa herufi kubwa, lini kwa ndogo. Unamkumbuka meya alipokuja juu? "Mbona mmenifanya mdogo?" Wilfred akamjibu, "Bwana, cheo kikitangulia jina lako nakipa herufi kubwa. Ukiwa meya tu, panga foleni na mwoka mikate." Kitabu unachokitengeneza kutokana nazo kikitoka na jina lake nitapumua.

Shemeji yako,
Edna

Leeds, 20 Machi 1974

Shemeji Edna,

Goti linanung'unika kuliko mke wangu, lakini tupo. Kadi zimefika. Ondoa wasiwasi, jina la kaka litakaa juu ya jalada; mimi ni wa kupiga chapa tu. Bandika birika, Pasaka nakuja.

Shemeji yako,
Clifford

Keighley, 9 Oktoba 1974

Shemeji Clifford,

Natumaini hamjambo nyote. Pasaka nilioka keki, hukutokea. Barua zangu tatu hukujibu. Jana nimekiona kitabu dirishani mwa duka. Jina la jaladani ni lako. Ndani umemshukuru marehemu kaka yako "kwa kunitia moyo", ukasema mifano yote umeitoa katika maisha yako.

Ukurasa wa kumi na mbili: "Alikuja muuguzi", herufi ndogo. "Alikuja Muuguzi Hirst", kubwa. Clifford, huyo Hirst ndiye aliyenizalisha Marjorie wetu. Alikung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia, asiniloweshee zulia. Wilfred aliiandika kadi ile siku hiyohiyo. Wewe ulikuwa Misri, jeshini.

Niambie ni kosa la wachapaji, nami nitakuamini. Kama sivyo, nirudishie kadi.

Shemeji yako,
Edna

Leeds, 17 Oktoba 1974

Shemeji Edna,

Pole kwa mshtuko. Wachapishaji walitaka jina linalojulikana. Mimi ni mhariri; yeye, Mungu amrehemu, alikuwa msahihishaji tu. Angekuwepo angecheka. Usiufanye huu msiba wa pili. Kadi nazirudisha, sina kazi nazo tena.

Shemeji yako,
Clifford

Keighley, 24 Oktoba 1974

Clifford,

Leo sikuulizi hali. Boksi limefika.

Hujawahi kuishi naye ukubwani, kwa hiyo nikwambie. Wilfred akimaliza kusoma karatasi yoyote aliitia sahihi pembeni, chini, upande wa kulia. Hata orodha yangu ya sokoni. Nimezitoa kadi moja moja mezani, nikitaka tu kuuona mwandiko wake.

Zote zimekatwa pembe hiyo. Kwa mkasi, sawasawa kabisa.

Nilikuwa tayari kuamini kwamba ulighafilika. Lakini kadi ni nyingi, Clifford. Ulikaa siku ngapi na mkasi?

Edna