Majani Hayajaiva

Peacham, Vermont
28 Agosti 1996

Mwanangu Corinne,

Habari za huko kwenye tanuri la Arizona? Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Paka hajambo, amekuwa mnene kuliko mimi.

Sasa sikia. Mama yako hayupo tena, lakini safari yetu ya picha iko palepale. Ramani nimeitandaza juu ya meza ya kulia, mimi nakula nimesimama. Tutaanzia mpakani na Kanada, maana majani huanza kugeuka mekundu huko kaskazini, kisha tuteremke nayo polepole mpaka huku nyumbani. Asubuhi tuwe ziwa Willoughby kabla upepo haujaamka, mchana tushike barabara za vumbi. Lami tutawaachia wale watalii wa mabasi wanaokumbatia ng'ombe wa watu ili wapigwe picha. Wewe lete filamu tu. Omba likizo wiki ya kwanza ya Oktoba.

Nyumba ina ukimya mno. Njoo.

Baba yako


Tucson, Arizona
8 Septemba 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Goti hupakwa dawa, halisimuliwi. Mimi sijambo, ila joto linanikaanga, na wodini wauguzi tumebaki wachache.

Likizo nimepata! Wiki hiyohiyo ya kwanza. Mkuu wangu amenung'unika kana kwamba nimemwomba figo. Ndiyo likizo yangu pekee mwaka huu, kwa hiyo usianze mambo yako, nakujua. Zamani mama aliizungushia tarehe duara kwenye kalenda tangu mwezi wa saba, na ukileta ubishi anakuambia majani yatakukuta barabarani. Sasa nabisha mimi.

Baba, tangu mazishi sijalia vizuri. Hapa watu wananipa pole harakaharaka kisha wanaendelea na kazi. Nataka kukaa kwenye gari lako, tule maandazi ya tufaha, unilalamikie mwanga. Hayo tu.

Mwanao


Peacham
21 Septemba 1996

Mwanangu,

Natumaini u mzima na wodi haijakumaliza. Mimi nina afya, na hasira tele. Majani hayajaiva! Baridi ya usiku hakuna, miti ya shira, ile ya utomvu mtamu, imesimama kijani kama mwezi wa sita. Kila asubuhi napanda mlimani kuikagua, na haina hata haya.

Ukija wiki ya kwanza utapiga picha za mchicha. Sitaki uone hivyo, siyo mwaka huu. Sogeza likizo mbele wiki moja, labda mbili, na usikate tiketi mpaka nikuambie. Kesho naondoka na gari kwenda kaskazini, nitalala humohumo, nitafute mahali pazuri kuliko pote, ili ukifika tusipoteze hata asubuhi moja. Nitarudi nikiona rangi.

Najua, najua, mama yako angesema nimeanza tena.

Baba yako


Mezani kwako, Peacham
4 Oktoba 1996

Baba,

Sina hata wa kumwamkia humu. Paka nimemlisha.

Likizo haikusogezeka. Nilikupigia simu mpaka sikio likaniuma, ikawa inaita tu, nikaona bora nije. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida yetu, ndani hamna mtu. Jirani yako Bibi Bertrand akaniambia, "Yuko kaskazini anatafuta rangi. Si unamjua?" Namjua. Nikakodi gari nikakufuata mpaka Willoughby, nikauliza kila kituo cha mafuta. Kila niliyemuuliza alisema amekuona jana.

Nimerudi hapa nikakusubiri mpaka nimechoka. Koti la mama bado liko kwenye msumari. Nililivaa, ndipo nikalia, peke yangu, vilevile ninavyolia Tucson.

Majani ni kijani, umesema kweli. Lakini mimi sikuja kwa majani. Lazima niondoke sasa, kesho nina zamu. Kuna supu kwenye friji.

Corinne


Peacham
7 Oktoba 1996

Mwanangu mpenzi,

Sijui nianzie wapi kukusalimu. Nilifika jana jioni, matope mpaka magotini, nikakuta barua yako. Supu nimeinywa hivyohivyo ya baridi.

Nilikuwa nimepata mahali, Corinne. Kilima juu ya bonde, barabara ya vumbi, na mti mmoja tayari umeshika wekundu. Nilikuwa narudi kukupigia simu uje. Njia nzima naimba, mzee mzima, naimba! Na wewe ulikuwa umekaa hapa.

Nimepiga simu hospitalini, wakaniambia uko na wagonjwa na watakupa ujumbe. Niandikie, mwanangu. Hata ukinitukana, niandikie.

Baba yako


Peacham
24 Novemba 1996

Mwanangu,

Ujumbe wangu wa simu umefika, najua, maana nimeuacha mara nyingi mpaka mpokea simu wenu sasa ananiita mzee wangu. Natumaini hali yako ni njema. Mimi naishi.

Majani yaliiva ulipokwisha kuondoka. Yaliiva hasa, mekundu, watu wakawa wanasimamisha magari katikati ya barabara. Nikapita kote nilikotupangia. Picha zimesafishwa, na sijawahi kupiga nzuri kama hizi maishani mwangu. Nilizishika dirishani moja moja, nikawa nageuka kusema, "Hebu tazama hii." Nikamwambia paka.

Sasa vilima vimebaki vijiti na tope, watalii wamekwenda kwao, na hakuna kitu tena cha kungojea. Ndiyo maana nimekata tiketi ya basi. Nitafika Tucson mapema Desemba. Sikuulizi ni siku gani inakufaa, kwa sababu nikianza tu kuuliza nitaanza kupanga, na nikianza kupanga sitafika.

Kama utakuwa kazini, nitakaa nje ya mlango wako. Ukirudi na hutaki kuongea na mimi, unipite tu, uingie ndani ulale. Usinifungulie kama hutaki. Mimi nitakuwepo.

Baba yako