Bluu ya Mlango, Manjano ya Futi

Chumba cha Juu ya Duka,
Nyumbani.
14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kutoka chumba hiki ulichokipaka rangi mwenyewe ukaniachia kazi ya kuosha brashi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wale pacha, bado wanalala kwa zamu ili usipumzike? Goti lako nalo linaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Mgongo unamsumbua mama kidogo, lakini cherehani haijapata likizo.

Ningekupigia simu, ila najijua, ningeanza kujitetea kabla hujamaliza kuitika. Kwenye karatasi angalau nitalisema nililofanya.

Unakumbuka ile karatasi uliyobandika juu ya cherehani siku unaondoka? "Ukurasa wa duka mtandaoni: bluu ya mlango, manjano ya futi ya mama ya kupimia. Basi." Niliibandua wiki ya pili tu. Nilijiona msanii. Jumatatu waridi, Jumatano kijani, mwisho wa mwezi zambarau yenye nyota. Uliponiandikia kwamba ukurasa umekuwa kama keki ya watoto, nikakujibu kwamba umehama lakini bado unataka kutuendesha. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Nilisahau kwamba mama na herufi hawajawahi kusalimiana. Wewe ndiye uliyemkalisha na simu yake, ukamfundisha apitishe kidole gumba mpaka aone bluu na manjano, hapo asimame, hapo ndipo dukani kwake. Nilikuwepo siku hiyo, nikicheka.

Mwezi uliopita aliingia yule msimamizi wa nyumba ya wageni, mteja wetu wa miaka yote, mapazia sita begani, amefura kwelikweli. Pindo zote zimeenda upande. Mama akaligeuza pazia moja, akapitisha ukucha kwenye mshono, akasema, "Huu si mkono wangu."

Yule mteja akatoa simu. "Niliagiza hapa. Bluu na manjano, si ndio nyie?"

Ulikuwa ukurasa wa duka jipya la ng'ambo ya barabara. Siwezi kusema wametuibia. Rangi tulizitupa wenyewe, wao wakaokota.

Hilo la mteja nililimeza. Lililonishinda ni mama aliposema taratibu, bila kuinua kichwa, "Ndio hao mwanangu mkubwa aliowapa ukurasa wangu."

Dada, hivyo ndivyo alivyoamini muda wote huu. Alikuwa anapitisha kidole, anasimama kwenye bluu na manjano kama ulivyomfundisha, anakuta mapazia ya mikono mingine. Picha zangu nilikuwa nimezizungushia maua na nyota mpaka kazi yake mwenyewe haionekani, zikampita kama matangazo ya watu baki. Akajua umeondoka, na duka lake ukaligawa. Hakuniuliza, eti asije akatugombanisha. Ndiyo maana kila ulipopiga alikuwa na pazia la haraka. Nawe uliniuliza mara mbili umemkosea nini mama. Nikakujibu kwamba amechoka tu, kisha nikarudi kuchagua rangi.

Nilimweleza yote siku ileile. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akakaa nayo mapajani, akauliza, "Kwa hiyo miezi minane mtoto ananipigia, mimi namkatia?"

Karatasi yako niliiona nyuma ya kabati, imekunjamana, nimeibandika palepale ilipokuwa. Ukurasa nao nimeurudisha kwenye rangi zako. Wateja wengine hawajarudi, na huenda wasirudi, kwa sababu sasa tuko wawili wa bluu na manjano. Mama peke yake ndiye asiyechanganya. Anasimama, anatazama pindo kwanza, ndipo anasema, "Hii yetu."

Nisamehe, dada. Sikuombi iwe leo. Ulinipa jina la Kinyonga kwa sababu nilikuwa nabadilisha nguo mara tatu kwa siku, na sikujua ningelitendea haki kiasi hiki.

Msalimie sana shemeji, na wabusu pacha, kila mmoja na lake wasije wakapigana. Baba mdogo anakusalimu, anasema bado anadai lile koti ulilomwahidi. Mungu akutunze na nyumba yako yote.

Ukipata nafasi, piga. Zamani mama alikuwa anaificha simu kwenye droo ya nyuzi. Tangu siku ile nilipomweleza ameiweka kando ya cherehani, kioo juu, na kila ikiwaka anaondoa mguu kwenye pedali.

Mdogo wako akupendaye, hata pale alipokukosea,
Kinyonga