Ufunguo wa Bibi Kokuberwa

Aneth waitu, Bibi Kokuberwa katuaibisha kanisani leo. Au katuokoa, sijui.

Arkidikoni, mkuu wa makasisi wa eneo letu, kaja kukagua kanisa letu, akatusomea historia: "Mwaka 1974 arkidikoni wa wakati ule alilikagua, akaridhika."

Bibi akasimama na fimbo yake. "Hakuingia. Nilimfungia mlango mimi, mtunza kanisa."

Eti "nilimfungia mimi". Mbele ya waumini wote, Aneth.

"Alikuja na mwenyekiti wa kijiji, wanataka kanisa liwe ghala la kahawa. Nikamwambia, kazi yako ni kukagua mali ya kanisa, si kuigawa."

Akafungua fundo la kanga. Ufunguo wenyewe, umeshika kutu.

Arkidikoni akanyoosha mkono aupokee.

Bibi akaufunga tena. "Hata yule alianza kwa kunyoosha mkono."