Bolti za Nyumba Yetu ya Bwera

Papa wangu mpendwa,

Kesho asubuhi fundi anakuja kumwaga zege chini ya nyumba yako, na mimi ndiye niliyemwita. Usinikasirikie kabla hujanisikiliza.

Unakumbuka kuta zilivyofika Bwera kutoka Butembo, mbao zimekatwa na kuungwa tayari, ukazisimamisha juu ya mawe na kuzifunga kwa bolti? Majirani walisema Mkongomani amejenga kabati. Ulicheka nao. Lakini kila Jumatatu ya Pasaka ulitoa spana na kopo la oili ya lori, ukaniingiza chini ya sakafu nikushikie tochi, ukalegeza bolti moja moja, ukazipaka, ukazikaza tena. Nilipokuuliza kwa nini hatuweki msingi kama wenzetu, ulinijibu, "Mwana, siku vita itaisha tutapakiza nyumba mu kamio, turudie kwetu. Butembo inatungoya."

Butembo bado inangoja, Papa. Juzi wamevuka mpaka wengine tena, magodoro kichwani.

Sasa mwenye kiwanja anauza. Nikinunua mimi, tunabaki. Akinunua mwingine, tunabeba mbao zetu, na hatuna pa kuzipeleka. Nilikwenda kuomba mkopo benki, kule Kasese mjini. Afisa wao alikuja kukagua, akainama, akazikuta bolti zako zinang'aa. "Madamu, hii iko mzigo, haiko nyumba," akasema. "Weka msingi, ifungwe hapo kabisa, ndio tutakupa mkopo." Ungekuwa mvivu kidogo, Papa, kutu ingetuokoa.

Nimebanwa. Nisipomwaga zege, nafukuzwa. Nikimwaga, nimekubali kwamba hatuendi tena. Mama amenuna, anasema nakuzika mara ya pili. Nikamjibu kwa hasira kwamba kaburi lako nalo tulilisakafia kwa saruji, na kwamba ndiyo nyumba yetu ya kwanza yenye msingi huku Uganda. Akalia. Nikalia pia, maana ni kweli.

Jioni hii nimejipenyeza chini ya sakafu na spana yako, tochi nimeibana kwa meno. Si Pasaka, najua. Nimelegeza bolti zote, nimezipaka oili mpaka zinadondosha, nimezikaza.

Fundi alikuwa amenionya nisiache mafuta yoyote kule chini, kwa sababu zege halishiki penye mafuta. Nilimsikia vizuri sana.

Pumzika, Papa.

Mwanao wa kwanza, mshika tochi wako